Kicheko cha Mama Pazia Kinasubiri Uhakiki

"Hivi wewe mwanangu, siku ukiulizwa mbele za Mungu ulikuwa ukifanya kazi gani, utajibu nini?"

Swali hilo Bwana Hakika aliulizwa na jirani yake, Mama Pazia, asubuhi moja wakiwa wote wawili kwenye ngazi za nje, yeye akifunga kamba za viatu, mama akikung'uta zulia. Mama hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa mjane, mshona mapazia, mtu wa sala na maneno machache, na alimwona kijana huyu kila siku akitoka amevaa tai na kurudi amechoka, asijue kinachomchosha ni nini. Bwana Hakika alisimama, akanyoosha kitambulisho chake kifuani, akajibu kwa heshima kwamba yeye ni Afisa Mhakiki wa Daraja la Tatu, katika kipindi cha matazamio, kwenye Idara ya Uhakiki wa Maisha ya Kila Siku Mitandaoni.

Mama Pazia alilikung'uta zulia tena. "Haya," akasema. "Mungu ana subira."

Kwa wale ambao hawajapata bahati ya kuhudumiwa na Idara hiyo, ni vyema waelewe ilivyozaliwa. Mkurugenzi mwenyewe aliizindua kwa hotuba iliyowatoa watu machozi, wengine kwa uchungu wa mambo, wengine kwa jua. Alisema nchi haiwezi kusonga mbele iwapo wananchi wake wanaamka na kuandika kwenye simu zao kwamba wamekunywa chai, na hakuna mamlaka yoyote iliyoiona hiyo chai. Alisema blogu na kurasa za watu binafsi zimejaa usingizi mzuri, watoto watiifu na waume wakarimu, na kwamba Serikali ikitafuta vitu hivyo mitaani haivioni. Hapo akanyanyua kidole.

"Kuanzia leo hakuna chai isiyo na shahidi. Na hakuna aliye juu ya uhakiki, hata mimi mwenyewe."

Watu walipiga makofi mpaka kipaza sauti kikaanza kulia peke yake.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, kama ilivyo kwa mambo yote ambayo hufanywa na mtu mwingine. Ukiandika kwenye ukurasa wako jambo lililokupata, maneno yako yanavishwa utepe wa njano: *Linasubiri uhakiki*. Afisa anakuja nyumbani. Kama yupo aliyeshuhudia, utepe unageuka kijani na maisha yanaendelea. Kama hakuna, unafanya marudio, yaani unalitenda lile jambo upya mbele ya afisa. Ukishindwa, utepe unakuwa mwekundu, na juu ya jina lako panaandikwa: *Mwandishi huyu amesema lisilokuwepo*. Mwisho wa juma ukurasa unafungwa.

Mafanikio yalionekana mapema. Fundi friji mmoja aliandika kwamba ameamka na kuitengeneza friji iliyowashinda mafundi wenzake. Kwa kuwa hapakuwa na shahidi, friji iliharibiwa tena chini ya usimamizi wa Idara, na hadi leo marudio yanaendelea. Mzee mstaafu aliyeandika kwamba amepumzika vizuri mchana, alilazwa kitandani mwake maafisa wakiwa wamekaa pembeni na saa mkononi, na kila akisinzia waliulizana kwa sauti kama ndiyo anasinzia. Mume na mke walioandika kwamba waligombana kisha wakapatana, walitakiwa kurudia yote mawili kwa mpangilio. Ugomvi ulirudiwa vizuri sana, na afisa aliusifu. Mapatano bado yanasubiriwa.

Bwana Hakika hakuyaona haya kuwa kichekesho. Jina hilo la Hakika alipewa na watu wa mtaa, na yeye alilipokea kama cheo. Alikuwa mtu safi, asiyekula cha mtu, na kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimelainika kama sabuni kwa kusogeza kurasa za watu. Alianza siku kwa kufungua simu kabla ya kufungua dirisha. Akiona utepe wa njano, moyo humwenda mbio kama daktari aliyesikia mgonjwa akikohoa. Jambo moja tu lilimkosesha raha: mhakiki huyu wa maisha ya wengine alikuwa yeye mwenyewe hajathibitishwa kazini. Mkurugenzi alikuwa amemwahidi kwamba siku mtaa wake utakapokuwa hauna njano hata moja, atathibitishwa.

Na mtaa wake ulikuwa umebakiwa na njano moja. Ilikuwa ya Mama Pazia.

Ukurasa wa Mama Pazia ulikuwa mdogo. Binti yake ndiye aliyemfundisha kuandika kwenye simu, baada ya mzee kufariki, ili mama asiwe anaongea na cherehani. Alikuwa akiandika mistari miwili, mitatu, kisha anarudi kwenye kitambaa chake. Leo mvua imenyesha, nimeanua nguo zangu nikazisahau za jirani, nimemwomba radhi. Leo nimeshona pazia upande mmoja mrefu kuliko mwingine, nimelifumua, mwenye pazia asijue. Leo nimeshika simu muda mrefu mpaka chungu kikaungua, simu hii ni mgeni asiyejua kuaga. Watu waliusoma wakiwa bado kitandani. Waliusoma muuza mkaa, nesi wa zahanati, hata wale waliokuwa wamegombana naye, kwa sababu hakuwahi kuongeza chumvi. Kwenye kikundi chao cha sala, alipokuwa akisimama kutoa ushuhuda, hata waliokuwa wakisinzia walikaa sawa.

Kisha siku moja akaandika: *Leo nimecheka peke yangu jikoni. Ni mara ya kwanza tangu mzee aondoke. Namshukuru Mungu.*

Basi. Hakuongeza neno. Wasomaji wake walimwachia mioyo na mikono ya dua mpaka simu ikaishiwa chaji. Na juu ya maneno hayo Idara ikaweka utepe wa njano.

Bwana Hakika alibisha hodi mchana, amebeba begi la kazi. Mama Pazia alimkaribisha jikoni, akamsogezea kigoda, akaendelea kumenya vitunguu. Kijana akaeleza kwamba amekuja kiofisi, si kijirani. Mama akasema kigoda ni kile kile.

"Kuna aliyekushuhudia ukicheka, mama?"

"Nimeandika peke yangu, mwanangu. Angekuwepo mtu ningeandika tulicheka."

Bwana Hakika aliliona jibu hilo lina mantiki, na lina kasoro ya kiutaratibu. Akauliza chanzo cha kicheko. Mama Pazia alimaliza kwanza kitunguu alichoshika, maana si kila la nyumbani ni la kutoa nje. Lakini hakuwa na tabia ya kuficha akiulizwa.

Akasema alikuwa hapo hapo, anamenya vitunguu hivi hivi, simu ikalia. Kuangalia, anaona picha ya marehemu mume wake, na ile kofia yake iliyopinda. Mzee alikuwa amefungua ukurasa siku zake za mwisho mwisho, akaweka picha moja, akausahau. Na chini ya picha simu ilikuwa imeandika: *Huenda unamfahamu mtu huyu.*

"Nimelala na mtu kitanda kimoja ujana wangu wote," alisema. "Nikamfulia, nikamuuguza, nikamzika. Simu inaniambia huenda."

Bwana Hakika aliandika: chanzo, programu ya simu. Kisha akaomba marudio.

Waliiweka simu juu ya meza, katikati ya maganda ya vitunguu, wakaingoja imlete tena mzee. Simu ilileta muuza matairi. Ikaleta mwanamke anayepunguza watu unene kwa njia ya maombi na maji ya moto. Ikaleta Mkurugenzi akikata utepe, na chini yake ikaandika huenda unamfahamu mtu huyu. Bwana Hakika alinyanyuka kidogo kwenye kigoda kwa heshima. Mama Pazia aliitazama picha ile kwa makini, akasema huyu hamfahamu, akaendelea na kitunguu.

Kijana akatumia njia nyingine iliyoruhusiwa. Idara ilikuwa na Mzaha Ulioidhinishwa kwa ajili ya matukio ya furaha, uliopitishwa na kamati ndogo baada ya vikao vingi na kuondolewa yote yaliyoweza kumkera mtu. Aliusoma kwa sauti iliyo wazi. Ulihusu kondoo aliyefika ofisini kwa wakati. Mama Pazia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo kondoo alihudumiwa.

Muda ukaenda. Vitunguu vikaisha. Bwana Hakika alimpenda jirani yake, na tena alikuwa akiuona uthibitisho wake wa kazi kama mtu anavyoona sahani upande wa pili wa meza. Akashusha sauti. Akasema, kijirani sasa, si kiofisi, kwamba mama afanye tu "ha ha", hata kidogo, hata ya puani, yeye ataandika kwamba ameona, na mambo yaishe.

Mama Pazia aliweka kisu chini.

"Unataka niseme uongo, ili uandike kwamba sisemi uongo?"

Bwana Hakika aliandika: marudio, hayakufanikiwa. Alishukuru kwa ushirikiano, akafunga begi, akatoka. Jioni alibonyeza nyekundu; mtaa ukabaki bila njano, na barua ya kuthibitishwa ikawa bado haijaja.

Mtu asiyewahi kuvishwa utepe mwekundu anaweza kudhani ni rangi tu. Kesho yake mteja mmoja alikuja kupimwa dirisha lake, na baada ya Mama Pazia kupima, akamwomba kwa adabu apime tena mbele ya mtu mwingine. Muuza mkaa akamtania kwamba sasa hata akisema hujambo atamwitia afisa. Alicheka sana muuza mkaa, mama hakucheka. Lakini lililomkata ni la kikundi cha sala. Alisimama kutoa ushuhuda kama kawaida yake, na kiongozi wao, mama mwenzake waliyeshauriana naye mengi, akamshika mkono polepole na kumwambia, dada, tungoje kwanza haya mambo ya ofisi yapite. Mama Pazia akakaa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na yeye alikuwa amezeekea humo. Leo amekalishwa chini kwa sababu ya kicheko.

Hakumlaumu Bwana Hakika. Alimwamkia kwenye ngazi kama zamani, ila kwa ufupi, kama mtu anayehesabu maneno yaliyobaki. Ilikuwa siku ya tatu hivi, au ya nne, ndipo akamwongezea swali.

"Bosi wako naye huandika. Nasoma. Yeye aliyoyafanya, nani aliyaona?"

Lilikuwa swali la kuchoma, na mtu mwingine angechomeka. Bwana Hakika yeye alilichukua kama swali. Alikwenda nalo ofisini, akaketi, akafungua ukurasa wa Mkurugenzi.

Ukurasa huo uliandikwa na Kitengo cha Maisha Binafsi ya Mkurugenzi, kilichokuwa na watumishi wake, meza zake na birika lake la umeme. Kwa mwaka mzima Mkurugenzi alikuwa ameamka kabla ya jogoo, amefagia uwanja wake mwenyewe, amesoma kitabu, amemsaidia bibi kizee kuvuka barabara. Bibi kizee huyo alionekana kuvushwa barabara ile ile kila mwezi. Yote yalikuwa ya kijani. Yalizaliwa kijani. Bwana Hakika alitafuta jina la shahidi, hata mmoja, hakupata. Alitafuta marudio, hakupata.

Akaufunga ukurasa upesi. Si kwamba alimshuku bosi. Wazo hilo halikupita hata karibu na kichwa chake. Aliona bosi yuko hatarini. Mtu anayeongoza Idara kubwa namna hii, maisha yake yote hayana shahidi! Je, adui akigundua kabla ya rafiki? Akaamua, kwa mapenzi na utii, kwamba atamwokoa Mkurugenzi kwa kumhakiki haraka iwezekanavyo, na mbele ya watu wengi, ili mashahidi wasipungue. Balaa la idara nyingi ni kuajiri mtu anayeamini.

Siku ya rufaa ilikuwa siku moja kabla ya kurasa nyekundu kufungwa. Ukumbi wa wananchi, pale Idarani, ulikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, ili akitikisika mmoja watikisike wote. Mbele palikuwa na dirisha la huduma lenye pazia la bati, na juu ya bati tangazo lililochujuka kwa jua: *Dirisha litafunguliwa hivi punde.* Juu zaidi kulikuwa na runinga kubwa ya kuonyesha nani anahudumia na nani anahudumiwa. Haikuwa ikionyesha kitu. Mama Pazia alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mkoba mapajani. Nyuma yake alikaa fundi friji, na nyuma yake yule mume na mke, wameachana kiti kimoja katikati.

Katikati ya asubuhi simu za ukumbi mzima zikalia kwa pamoja. Mkurugenzi alikuwa ameandika. Fundi friji akasoma kwa sauti, maana wengine walikuwa wameacha miwani nyumbani:

"Asubuhi hii niko dirishani, nawahudumia wananchi mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka. Malipo yangu ni nyuso zao."

Palikuwa na picha. Mkurugenzi ametabasamu kando ya dirisha lenye vyungu vya maua. Utepe wa kijani.

Ukumbi mzima uliinua macho kutoka kwenye simu, ukaliangalia bati. Bati lilikuwa limefungwa.

"Basi labda sisi ndio hatupo," akasema fundi friji.

Wakati huo huo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mkurugenzi, kikombe cha chai mkononi, akikatiza ukumbini kuelekea kwenye kikao. Alikuwa na mwendo wa mtu anayepita mbele ya picha za ukutani. Bwana Hakika, aliyekuwa amesimama pembeni akingoja nafasi ya kumwokoa, akajitokeza mbele yake.

"Mkuu, samahani. Tukio lako la asubuhi hii halina shahidi. Nimelirudisha kwenye njano kwa usalama wako. Naomba tufanye marudio."

Mkurugenzi akatabasamu kwa watu na kunong'ona kwa kijana. "Wewe unataka kuthibitishwa kazini au hutaki?"

"Nataka sana, mkuu," akajibu Bwana Hakika kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona. "Ndiyo maana."

Simu zilikuwa zimeshanyanyuliwa. Ukumbi ambao asubuhi nzima ulikuwa umeinamia vioo vyake, sasa ulikuwa umevielekeza vyote upande mmoja. Mkurugenzi alianza kueleza kwamba kuna matukio ya kawaida na matukio ya kiuongozi, na kwamba haya ya kiuongozi huhakikiwa kwa njia yake. Kutoka viti vya nyuma sauti ya mwanamke, yule wa ugomvi, ikamsaidia kukumbuka hotuba yake: hakuna aliye juu ya uhakiki, hata mimi mwenyewe. Mume wake akaitikia kwamba hata yeye anakumbuka hivyo hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza wakubaliane tangu afisa alipowatembelea.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mkurugenzi akasema kwa sauti ya furaha kwamba bila shaka, tena kwa moyo mkunjufu, na akaenda kuhudumia wananchi.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kufika. Mlango wa chumba cha huduma ulikuwa mmoja kati ya kadhaa iliyofanana. Alifungua mmoja akaingia, ukasikika mlio wa ndoo, akatoka akisema kwamba sehemu ile inahitaji maboresho. Akafungua mwingine, na baada ya muda bati likaanza kutikisika kutoka ndani. Alilisukuma kwa nje, likagoma. Akalisukuma kwa pembeni. Bwana Hakika akamwelekeza kwa heshima kwamba huwa linanyanyuliwa. Likanyanyuka, likakwama usawa wa kifua, hata wananchi wakawa wanaona tai na kikombe cha chai, na kichwa hawakioni.

"Anayefuata," ikasema tai.

Hakuwa ametangulia mtu, lakini Mama Pazia alisimama, akaenda, akaweka mkoba wake kwenye ubao wa dirisha. Akasema amekuja kwa ajili ya utepe mwekundu. Akasema hataki ukurasa kwa ajili ya ukurasa, angeweza kurudi kuongea na cherehani. Anataka tu neno lile liondolewe juu ya jina lake, kwa maana hakusema lisilokuwepo.

Tai ikamjibu kwamba shida yake inashughulikiwa. Ikasikika ikiigonga mashine ya ndani, ikiipapasa kutafuta pa kuiwashia. Katibu muhtasi akapaza sauti kutoka koridoni kwamba swichi iko nyuma. Mashine ikaamka. Ikataka kujua anayeiwasha ni nani, maana kila anayehudumia dirishani lazima aingie kwa jina lake. Mkurugenzi aliandika jina lake, pamoja na vyeo vyote.

Hapo ndipo runinga kubwa ya ukumbini, iliyokuwa nyeusi tangu siku ya uzinduzi, ikawaka. Ikatokea picha ya Mkurugenzi, kubwa kama mlango, ile ile ya kukata utepe. Na chini yake mfumo wa Idara, ulionunuliwa kutoka kwa watu wale wale waliotengeneza programu za simu, ukaandika kwa herufi zilizosomeka mpaka barabarani:

*Mtumiaji huyu hajawahi kuonekana hapa. Huenda unamfahamu mtu huyu.*

Ukumbi ukatulia. Mama Pazia alikuwa bado ameshika mkoba wake. Alitazama juu kwenye runinga. Akatazama mbele yake, ambapo Mkurugenzi, ili aone kinachowanyamazisha watu, alikuwa ameinama chini ya bati na kuchungulia, shingo imepinda kama kofia ya marehemu mzee. Mama akatazama juu tena.

Ilianza mabegani. Akajaribu kuizuia kwa kanga, kanga ikashindwa. Akacheka. Hakikuwa kicheko cha kumcheka mtu. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito njia nzima, na ghafla mtu mwingine akakishika upande wa pili. Alicheka mpaka akashikilia ubao, akacheka mpaka machozi, akawa anasema "huenda," anapumzika, anasema tena "huenda." Viti vilikuwa vimeunganishwa, kwa hiyo alipoanza fundi friji, walitikisika wote. Mke wa ugomvi alimwegemea mume wake bila kuambiwa, na Bwana Hakika, hata katika hali ile, aliliona jambo hilo akaliandika pembeni.

Kisha akafanya kazi yake. Akasogea mbele, akasimama wima, akauliza kwa sauti ya kiofisi:

"Mama, hiki ndicho kicheko kile kile cha jikoni?"

"Ndicho, mwanangu," akasema Mama Pazia, akijifuta. "Hicho hicho. Mzee angekuwepo angekaa chini kwa kucheka."

Bwana Hakika akageukia ukumbi. Akatangaza kwamba marudio yamefanyika, kicheko kimeonekana, na mashahidi wanatosha. Akatoa simu ya kazi, akabonyeza. Simu za wote zikalia tena, na juu ya maneno ya Mama Pazia kukawa kijani. Kiongozi wa kikundi cha sala, popote alipokuwa, naye bila shaka simu yake ililia.

"Sasa unalo la kumjibu Mungu," Mama Pazia akamwambia kijana kwa sauti ya chini.

Bwana Hakika aliinamisha kichwa. Lakini kazi haikuwa imekwisha, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Aliinama kwenye dirisha mpaka macho yake yakakutana na ya bosi wake chini ya bati. Akaeleza kwamba mfumo unahitaji mtu wa kumtambua mhudumu, vinginevyo tukio la asubuhi halitasimama. Akauliza ukumbi kama kuna yeyote aliyewahi kumwona mtu huyu kwenye dirisha hili. Watu walitazamana. Walikuwa na nia njema, wengine walikunja nyuso wakijaribu kukumbuka. Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Wewe je?" akauliza Mkurugenzi, na safari hii sauti haikuwa ya hotuba. "Wewe si unanifahamu?"

"Nakufahamu, mkuu. Dirishani sijawahi kukuona."

Akabonyeza. Runinga ikabadilika rangi, na juu ya picha ile kubwa, juu ya jina na vyeo vyote, pakaandikwa kwa wekundu: *Mwandishi huyu amesema lisilokuwepo.*

"Rufaa zinapokelewa hapa hapa, mkuu," akaongeza Bwana Hakika, kwa sababu alikuwa bado anamwokoa. "Zunguka tu huku mbele, ukae nyuma ya wenzako."

Mama Pazia alichukua mkoba wake, akaondoka dirishani, akakionyesha kwa mkono kiti chake kilichokuwa wazi, ambacho kilikuwa bado na joto.

Mkurugenzi akatoka kule ndani, safari hii bila kukosea mlango. Alisimama kidogo mbele ya kiti kile, akawatazama wananchi, wananchi wakamtazama kupitia simu zao. Kisha akakiweka kikombe chake kwenye ubao wa dirisha, polepole, mbele ya macho ya watu wote, hata chai ile angalau ikapata mashahidi, akapita katikati ya viti, akafungua mlango wa wananchi wa kutokea nje, akaenda zake.